Kihisio cha Tairi na Chumvi ya Bahari
Katika magurudumu ya magari mengi ya kisasa mna kihisio, kilichoungwa na shina la vali, ambacho hupima kanieneo ya hewa na kumpelekea dereva habari kwa mawimbi ya redio. Betri yake imefungiwa ndani. Ikiisha, kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 10, kihisio kizima hubadilishwa.

Kisiwani Mafia, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, fundi anapofanya kazi hiyo hana budi kuangalia pia kipini kilichomo ndani ya vali. Shina likiwa la alumini, kipini cha shaba ya manjano kisichopakwa nikeli hakifai. Metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi huwa seli ndogo ya umeme: alumini hupoteza elektroni na kuliwa polepole. Kipini huganda, shina huweza kuvunjika, na tairi kuishiwa upepo ghafla gari likiwa mwendoni.

Kanuni hiyo yaweza kuonyeshwa darasani. Vipande vya alumini na shaba vichovywe katika maji ya chumvi bila kugusana, kisha viunganishwe kwa galvanometa: mshale utasogea.