Shamba Haliuziki: Umwache Dalali au Ubaki Naye?

Shamba la ekari 10 huko Mkuranga au Kisarawe likikaa miezi sita bila mnunuzi, wa kwanza kulaumiwa ni dalali. Ndugu watasema amelala, na jirani atakutajia dalali mwingine aliyemuuzia la kwake upesi. Mimi naona wauzaji wengi humwacha dalali kwa kosa lisilo lake, halafu humvumilia kwa lile ambalo lingetosha kuachana naye siku hiyo hiyo.

Anza na karatasi. Kama shamba liko kwenye ardhi ya kijiji, linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na mauzo yanahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Mnunuzi makini ataulizia hati ya hakimiliki ya kimila, au angalau maandishi ya kijiji yanayoonyesha ulivyolipata. Atataka kuona mipaka mbele ya majirani na kujua kama mke au mume wako ameridhia. Kama ni urithi, ataulizia msimamizi wa mirathi. Kimoja kikikosekana, badilisha madalali watano na bado wanunuzi watafika, watatazama, wataondoka. Fedha ya kwanza kutumia hapo ni nauli ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Majira nayo yana nguvu yake. Kipindi cha masika barabara za ndani hukatika, na anayetoka Dar es Salaam hataki gari lizame kwenye tope kwa ajili ya shamba asilolijua. Kwenye mashamba ya mikorosho, fedha huanza kuonekana mikononi mwa watu minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Dalali uliyempa kazi Machi usimhukumu Juni.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme unataka shilingi milioni 3 kwa ekari, yaani milioni 30 kwa shamba zima. Kamisheni ni mapatano, na asilimia zinazotajwa sana ni 5 na 10. Kwa asilimia 10 unamlipa milioni 3, kwa asilimia 5 milioni moja na nusu. Tofauti hiyo si ndogo, na ndiyo inayowavuta watu kwa dalali mpya anayejinadi kwa bei ya chini. Lakini kwenye mauzo ya mashamba, kamisheni mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote. Gharama kubwa ni cha juu.

Dalali anakwambia hataki kamisheni yoyote: wewe chukua milioni 3 zako kwa ekari, kitakachozidi ni chake. Muuzaji anafurahi, anaona kapewa huduma ya bure. Dalali anaenda kumtajia mnunuzi milioni 3 na laki 6. Kwa ekari 10 hiyo ni milioni 6 juu ya bei yako, mara mbili ya kamisheni ya asilimia 10. Wapo wanaochukua vyote viwili, kamisheni kwako na cha juu kwa mnunuzi. Na hapa ndipo penye jibu la maswali mengi ya shamba lisilouzika: wewe unaamini bei ni milioni 30, kumbe kila aliyefika aliambiwa 36, akakata tamaa.

Kodi nayo inakufuata. Mkazi anayeuza ardhi hulipa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida. Kama huna kumbukumbu za gharama ulizolipatia, inakuwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Mkataba ukiandikwa milioni 36, asilimia 3 yake ni 1,080,000, wakati ya milioni 30 ni 900,000. Unalipa 180,000 zaidi kwa fedha iliyopita mkononi mwa mwingine. Ukiandikwa milioni 30 wakati mnunuzi ametoa 36, siku mgogoro ukizuka atakudai wewe zote 36. (Mwenye shamba dogo ajue kwamba ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya milioni 10, iliyolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, haitozwi kodi hii.)

Kwa hiyo kabla ya kumwacha dalali, mpime. Mwombe mtu unayemwamini, asiyejulikana kule, ampigie simu kama mnunuzi na aulize bei. Akitajiwa ile uliyompa, una dalali mkweli. Zungumza naye upya juu ya bei, karatasi na majira. Akitajiwa nyingine ambayo hukuiridhia, achana naye. Hapo sioni sababu ya kusubiri.

Ukishaamua kumwacha, kuna njia mbalimbali, na hazilingani. Dalali mwingine wa kijijini anajua mipaka na anajua nani ana fedha, lakini huenda anawaleta wanunuzi wale wale wa mwenzake, kisha wote wawili wanakudai. Kampuni ya viwanja ya mjini ina matangazo na ofisi, ila mara nyingi itataka kupima na kugawa, na itataka umfungie mlango kila mtu mwingine kwa muda mrefu. Kwa eneo lililo karibu na lami na lililokwisha kuingia kwenye mipango miji, hilo linaweza kulipa. Kwa ekari 10 za mikorosho kilomita nyingi ndani, singeingia: gharama za upimaji zinakuangukia na barabara za mitaa zinakula sehemu ya ardhi.

Kuuza mwenyewe kunastahili kufikiriwa zaidi ya inavyofanyika. Jirani wa shamba ni mnunuzi mzuri ambaye watu humsahau. Mipaka anaijua na hahitaji kushawishiwa kuhusu udongo. Ukiongeza bango shambani na tangazo la WhatsApp, gharama kubwa inayobaki ni ya wakili wa kuandaa mkataba, pamoja na safari zako. Anayeishi Mwanza na shamba liko Mkuranga, safari hizo zitamla. Yeye bora awe na dalali.

Kuachana na dalali kunahitaji utaratibu, vinginevyo utalipa kamisheni mbili: milioni 6 badala ya 3. Sheria ya Mikataba inamruhusu mwenye mali kuondoa mamlaka ya wakala kabla hayajatumika, kwa taarifa ya muda unaofaa. Kama mlikubaliana muda maalumu, ukiuvunja bila sababu ya msingi anaweza kudai fidia. Mwandikie barua au ujumbe wa simu wenye tarehe. Mwombe orodha ya wanunuzi aliokwisha kuwaleta, mkubaliane kwa maandishi kwamba mmoja wao akinunua ndani ya miezi mitatu kamisheni ni yake, na nje ya hapo hana dai. Chukua nakala zote za hati na ramani. Kisha mjulishe mtendaji wa kijiji na majirani, kwa sababu kwa mtu wa nje mamlaka ya dalali yanakoma pale anapojua kwamba yamekoma. Asiyejua anaweza kumkabidhi malipo ya awali kwa nia njema, nawe ukabaki na kesi.

Kwa dalali mpya, karatasi moja inatosha: bei ya kumtajia mnunuzi, asilimia yake, muda wa miezi mitatu au minne, kwamba hakuna cha juu, na kwamba fedha yote ya mnunuzi inaingia kwenye akaunti yako, kisha wewe ndiye unayemlipa yeye.