Mama Msomi na Mtoto Mgongoni



Sisi wa Sumbawanga hatuna shida ya chakula. Uwanda wa Ufipa hutoa mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na magunia yetu husafirishwa hadi mikoa ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mitatu iliyoongoza nchini kwa udumavu.

Kwa nini ghala lijae na mtoto adumae? Hilo ni swali la sayansi. Linahitaji mtu aliyesoma lishe na magonjwa, tena anayejua kwamba wakati wa palizi mama hushinda shambani, na mtoto huachiwa uji wa mahindi matupu, bila karanga, maharage wala dagaa. Ni nani ajuaye hayo kuliko mama? Lakini binti yetu apendaye sayansi huambiwa achague: vitabu au watoto.

Mama aliyetangulia

Tumtazame jirani yetu wa Kenya, Wangari Maathai. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti juu ya maumbile ya miili ya wanyama. Wakati huo alikuwa tayari ni mke na mama, na jumla alizaa watoto watatu. Alifundisha chuoni hapo, akaanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Tusidhani mambo yalikuwa mepesi. Ndoa yake ilivunjika. Chuoni, mwanamke aliyeolewa hakupewa marupurupu sawa na ya mwanamume, kwa kuwa alihesabiwa kuwa atatunzwa na mumewe. Yeye na mwenzake walilidai jambo hilo bila kuchoka. Kwake, watoto hawakuwa kizuizi cha elimu. Kizuizi kilikuwa taratibu zilizowekwa kana kwamba msomi hawezi kuwa mama.

Mzigo ugawanywe

Kwetu Tanzania sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Haki hizi tuzijue, tena tuziombe bila aibu.

Kwa aliyekwisha kuolewa, mlango haujafungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina kituo hapa Sumbawanga. Lakini masomo ya sayansi yana vipindi vya maabara, na huenda mama akalazimika kusafiri. Hapo ndipo nyumba hupimwa. Je, baba yuko tayari kupika uji na kumpeleka mtoto kliniki? Je, bibi atamlea mjukuu kwa moyo mweupe, au atasema mkwe amekimbia nyumba? Mambo haya yazungumzwe mezani kabla ya fomu kujazwa, si baada ya ugomvi kuanza.

Nasi katika vikundi vyetu vya kanisani, tukichangia harusi na misiba, tushindwe kweli kupokezana kumlea mtoto wa mwenzetu wiki ya mitihani? Mkono mmoja haulei mwana.

Bwana wetu alitufundisha kwa mfano wa talanta kwamba iliyofukiwa ardhini haikumpendeza mwenyewe. Binti anayefaulu fizikia na kemia ana talanta mkononi. Tusimwambie aifukie siku anapovaa pete. Huenda jibu la udumavu wa watoto wetu limo kichwani mwake, naye anangoja tu mtu wa kumshikia mtoto.