Pikipiki Kuukuu katika Nyanda za Buha

Barabara itokayo mjini Kigoma huuacha ufuko wa Ziwa Tanganyika, ulio yapata meta 770 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi nyanda za Buha. Huko ndiko iliko miji ya Kasulu na Kibondo, kati ya meta 1,200 na 1,600. Mvua huanza Oktoba au Novemba, na aghalabu huendelea hadi Mei. Miezi iliyobaki hutawaliwa na vumbi jekundu. Kwa miaka mingi njia kuu ya kutoka Kasulu kupitia Makere hadi Kibondo na Nyakanazi ilikuwa ya udongo na changarawe. Lami imefika kwa vipande, lakini njia nyingi ziendazo vijijini zingali za udongo.

Katika mazingira kama hayo pikipiki imekuwa mnyama wa kubeba mizigo, gari la wagonjwa na ofisi itembeayo. Mabwana shamba, waganga, mapadre na walimu waliitumia zamani kabla ya vijana wa bodaboda. Kambi za wakimbizi zilipofunguliwa, Nyarugusu ikiwa miongoni mwazo mwaka 1996, mashirika ya misaada nayo yalikuja na pikipiki zao. Yamaha AG100, yenye injini ya mapigo mawili na mnyororo uliofunikwa kabisa, ilitengenezwa kwa ajili ya kazi za shamba. Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikiwa imebuniwa kwa makusudi ili istahimili mwenye kuchelewa kubadilisha oili. Kutokana na CG125 zimezaliwa nakala nyingi zilizoundwa China, ambazo zilienea Tanzania hasa karibu na mwaka 2010, mwaka zilipotolewa kanuni za leseni za pikipiki za kubeba abiria.

Pikipiki iliyokwisha kupita mikono mitano haina kitabu cha maelekezo wala spea za asili. Ina sauti yake, moshi wake na ukaidi wake. Ikizimika saa nane ya usiku, huku imembeba mzazi aliyeshikwa na uchungu, swali la plagi si la fundi peke yake.

Mwenye pikipiki asiye na uzoefu, chombo kikimgomea, hubadilisha plagi, husafisha kabureta, hukaza nyaya na kupuliza bomba la mafuta, vyote kwa mpigo mmoja. Pikipiki ikiwaka, hajui kilichoiponya. Isipowaka, hajui alichokiharibu. Njia ya sayansi ni tofauti. Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: mchanganyiko wa hewa na petroli, mbano wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayoruka kwa wakati wake. Kila moja lichunguzwe peke yake, na kitu kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja.

Mbano hupimwa kwa mguu. Kiki ikishuka bila ukinzani wowote, ringi za pistoni zimekwisha au valvu haifungi. Kuhusu valvu upo upotofu mmoja ulioenea. Katika injini za aina ya CG125 huachwa nafasi ndogo sana ya valvu, takriban milimeta 0.08 injini ikiwa baridi, ambayo haizidi unene wa karatasi ya daftari. Nafasi ikipanuka, injini hugongagonga, na wenye pikipiki hukimbilia kuikaza hadi inyamaze. Kumbe kelele kidogo si ugonjwa mkubwa. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haikalii vizuri kiti chake, haipozwi nacho, na mwisho huungua. Injini iliyonyamazishwa kwa spana yaweza kuwa imekwisha kuhukumiwa.

Baada ya mbano huja cheche. Plagi hufunguliwa, huvishwa kofia yake ya waya, kisha chuma chake hulazwa juu ya silinda, mbali na tundu ilimotoka ili mvuke wa petroli usishike moto. Kiki ipigwapo, cheche nene ya buluu huonekana kivulini. Cheche nyembamba ya manjano haitoshi hata kama inaruka, kwa sababu hewa iliyobanwa ndani ya silinda huhitaji volti nyingi zaidi ili ipitishe umeme kuliko hewa ya nje. Kwa pikipiki kuukuu za magneto, mshukiwa wa kwanza ni pointi, yaani vidomo viwili vya kukatia umeme. Hivi hufunguka kwa nafasi ya milimeta 0.3 hadi 0.4 tu. Vikiungua au vikishika mafuta, msasa laini na kitambaa kikavu mara nyingi hurudisha uhai.

Petroli huchunguzwa kwa kuitazama plagi hiyo hiyo. Ikiwa imelowa baada ya kiki kadhaa, mafuta yanafika, na kosa liko kwingine. Ikiwa kavu, njia ya mafuta imeziba mahali fulani kati ya tangi na kabureta.

Uko ugonjwa mmoja ambao umewapotezea wengi fedha, nao wafaa kuelezwa kwa kirefu. Pikipiki huwaka vizuri asubuhi, hukimbia kilometa nne au tano, kisha hudhoofika na kuzimika. Mwenyewe hukaa kando ya njia kwa robo saa, hupiga kiki, nayo huwaka kana kwamba haikuwa na neno. Baada ya kilometa nyingine nne hurudia. Sababu mbili tofauti kabisa huleta dalili hii moja. Ya kwanza ni kishimo chembamba kilicho katika kifuniko cha tangi. Kishimo hicho huingiza hewa kuchukua mahali pa petroli inayotoka. Vumbi likikiziba, kanieneo ndani ya tangi hushuka, na petroli hukataa kuteremka hadi hewa ijipenyeze polepole wakati wa mapumziko. Sababu ya pili ni koili au kondensa ambayo hushindwa kazi ikipata joto na kufufuka ikipoa.

Namna ya kuzitenganisha haihitaji kifaa. Mara tu injini inapozimika, kabla ya kitu chochote kupoa, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Pumzi ya hewa ikisikika ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka punde kabureta inapojaa tena, kosa ni la kifuniko, na dawa yake ni sindano. Ikikataa, cheche ichunguzwe hapo hapo ingali moto. Anayengoja robo saa ndipo achunguze huwa ameiruhusu dalili ikimbie. Koili ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya kishimo kisichozidi ncha ya pini!

Maji ndani ya petroli ni tatizo jingine la nyanda hizi. Usiku wa Juni na Julai huwa baridi. Unyevu uliomo katika tangi lililo nusu tupu huganda kuwa matone kwenye ukuta wa chuma. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74, na lita ya maji kilo 1. Kwa hiyo maji hutua chini kabisa, mahali hasa ambapo kabureta hunywea. Skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta ilegezwe, yaliyomo yamiminwe katika chupa safi ya kioo: maji yataonekana kama shanga zinazoviringika chini ya petroli. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, kwani huchanganyika na petroli kabisa. Ulaghai wa kuyachanganya ulikuwa mkubwa nchini hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kutia alama maalumu katika mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya ulaghai huo ipungue.

Wakazi wengi husema kwamba pikipiki iliyotoka pwani hukosa nguvu Kibondo kwa sababu ya hewa ya mlimani. Usemi huo una kweli ndani yake, ila mzigo wote hutwishwa mlima. Katika kimo cha meta 1,500 densiti ya hewa ni karibu asilimia 86 ya ile ya usawa wa bahari. Injini hupata hewa pungufu, na hupoteza takriban asilimia 14 ya nguvu zake. Hakuna fundi awezaye kuzirudisha kwa bisibisi. Mchanganyiko nao huzidi petroli, lakini kwa asilimia 7 tu hivi. Kiasi hicho peke yake hakitoi moshi mweusi. Moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu kwa kawaida hutokana na chujio la hewa lililojaa vumbi. Sponji ya chujio ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa, kila wiki wakati wa kiangazi. Wapo wanaolitoa chujio na kulitupa ili injini ipumue. Nguvu huongezeka kwa miezi michache, kisha vumbi hula ringi na silinda kama msasa. Katika injini ya mapigo mawili kuna jambo la ziada: oili iunguayo huacha masizi katika bomba la moshi, na pikipiki iliyokosa nguvu mlimani yaweza kuwa imezibwa nyuma.

Mnyororo usiofunikwa uoshwe na kupakwa oili, na uwe na ulegevu wa sentimeta 2 hadi 3 katikati yake. Basi.

Chombo kizima bado chahitaji dereva anayeelewa kani zinazomchukua. Dereva anayekwenda kilometa 40 kwa saa husafiri meta 11 kila sekunde, na karibu sekunde nzima hupita tangu aone mbuzi hadi mkono wake ushike breki. Baada ya hapo msuguano wa matairi na barabara ndio unaotawala. Umbali wa kusimama hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kizigeu cha msuguano na ya 9.8. Kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa, kizigeu kikiwa 0.6, jibu ni kama meta 10. Mwendo ukifika kilometa 80, jibu haliwi meta 20 bali 42.

Madereva wengi hawaigusi breki ya mbele, wengine huilegeza kabisa, wakiogopa kurushwa. Lakini pikipiki inapofunga breki uzito huhamia mbele, na kwenye barabara kavu gurudumu la mbele laweza kuchukua karibu robo tatu ya uzito wote. Anayetegemea breki ya nyuma tu anategemea gurudumu lililoachwa na uzito. Breki ya mbele ishikwe kwa kukazwa polepole, usukani ukiwa umenyooka. Ikishikwa ghafla katika kona yenye kokoto, hapo hofu yao ni ya haki.

Kona nazo zina hesabu yake. Tuseme kona ina nusu kipenyo cha meta 30. Kwa kilometa 30 kwa saa, dereva hulala kwa nyuzi 13, na huhitaji kizigeu cha msuguano cha 0.24. Kwa kilometa 40 huhitaji 0.42. Kokoto zilizotawanyika hutoa karibu 0.35. Kona hiyo hiyo, basi, humpitisha salama wa kwanza na kumwangusha wa pili, hata kama wa pili ni hodari zaidi. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake.

Mzigo huongozwa na kanuni ya wenzo. Gunia la maharage la kilo 60, au madumu ya asali ya uzito huo, yakiwekwa sentimeta 20 nyuma ya ekseli ya nyuma, katika pikipiki yenye sentimeta 120 kati ya ekseli mbili, hupunguza kilo 10 katika gurudumu la mbele. Mlimani hupungua zaidi, na usukani huwa mwepesi kama wa mtoto. Mzigo huo huo ukisogezwa mbele ya ekseli huongeza uthabiti. Wakati wa kuteremka gia ya chini itumike, ili injini isaidie breki. Breki za ngoma zilizopata joto kwa kushikwa mfululizo hupoteza nguvu.

Kichwa hakina spea. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hupunguza tu ikiwa imefungwa kidevuni, na abiria ana yake.

Walimu wa fizikia wanaweza kuupima msuguano wa barabara iliyo mbele ya shule yao. Kipande cha tairi kuukuu hulazwa chini, mgongo wake ukielekea ardhini, na kufungwa jiwe juu yake hata uzito wote ufike kilo 5. Mizani ya kamani hufungwa kwa kamba na kukivuta kipande hicho kwa usawa, polepole. Mizani ikisoma kilo 3 wakati kipande kinateleza, kizigeu ni 3 kugawanywa kwa 5, yaani 0.6. Jaribio lirudiwe mara tano mahali pakavu, mara tano kwenye kokoto, kisha mvua za Novemba zikianza, mara tano kwenye tope la udongo mwekundu. Mizani ikisoma kilo 1 tu, kizigeu ni 0.2, na dereva wa kilometa 40 kwa saa aliyekuwa akisimama kwa meta 10 mwezi Agosti atahitaji zaidi ya meta 31, bila kuhesabu zile 11 zinazopita kabla mkono haujashika breki.