Lusina na gharama ya kujichavusha

Mwaka 1992 mdudu asiyezidi milimita 2 hivi aliripotiwa Kenya na Tanzania. Kitaalamu huitwa Heteropsylla cubana, na ana undugu na vidukari. Hula machipukizi ya mti wa lusina: hufyonza utomvu hadi majani machanga yanajikunja na kudondoka, huku akiacha ute unaonata na ukungu mweusi. Asili yake ni Amerika. Alifika Hawaii mwaka 1984, akaingia Asia, na haukupita muongo akawa kwetu.

Mti mmoja kuugua ni jambo la kawaida. Karibu lusina yote ya ukanda wa joto kuugua kwa mtindo uleule ni jambo linalodai maelezo, na maelezo yako kwenye ua.

Ua la lusina ni tufe jeupe, na ukilisogeza karibu na jicho utaona ni vijiua zaidi ya mia vilivyobanana, kila kimoja na stameni 10. Chavua ya kijiua huweza kuangukia stigma ya kijiua hichohicho na kutunga mbegu. Kwa mkulima hiyo ni neema: akichuma maganda kwa jirani anajua atakachovuna, kwa kuwa mtoto hufanana sana na mama. Tatizo ni kwamba lusina iliyosambaa duniani ilitoka Mexico, ikapitia Ufilipino enzi za Wahispania, ikiwa na asili finyu sana. Ni kama kijiji kizima kutumia kufuli la aina moja: mwizi akipata ufunguo mmoja, amemaliza.

Watafiti waligeukia ndugu wa lusina wa nyanda za juu za Mexico, Leucaena pallida, anayemstahimili mdudu huyo. Pallida hukataa chavua yake yenyewe. Kwa mzalishaji mbegu, tabia hiyo inaokoa kazi kubwa. Mti huo ukifanywa mama, hakuna haja ya kung'oa stameni za vijiua vidogo vile. Kijiua kikitunga mbegu, baba ni mti mwingine. Tena pallida na lusina wote wana kromosomu 104, hivyo watoto wao huzaa. Ndugu wengi wa jenasi hiyo wana 52 au 56, na ukiwachanganya na lusina unapata chotara tasa.

Chuo Kikuu cha Hawaii kilitoa chotara wa pallida na lusina, KX2. Ana nguvu, ila majani ya pallida hayameng'enyeki vizuri tumboni mwa ng'ombe. Ndiyo maana watafiti wa Queensland, Australia, waliwachanganya tena watoto wake na lusina kizazi baada ya kizazi, wakichagua wanaomstahimili mdudu, hadi wakapata aina ya Redlands. Kwa maoni yangu, huo ndio ufugaji wa mimea wenye akili, kwa sababu ulimfikiria anayekula.

Kwetu nafuu ilitafutwa pia kwa nyigu wadogo wanaomshambulia mdudu huyo, walioletwa miaka ya 1990.

Ukinunua mbegu chotara, usitunze za kizazi kinachofuata ukitarajia ufanano, zitatofautiana. Mbegu za lusina ya kawaida unaweza kuchuma mwenyewe, ila miti usiyochumia mbegu ikate kabla maganda hayajakauka, maana husambaa kama magugu. Punda na nguruwe usiwape majani yake: sumu ya mimosini iliyomo huwapukutisha manyoya.