Mkienda hifadhini na watoto, kumbukeni ninyi ndio wageni

Zamani likizo ikifika, safari za familia nyingi zilikuwa mbili tu: kwenda kijijini kwa bibi au kubaki nyumbani. Siku hizi mambo yamebadilika. Vikundi vya akina mama, wafanyakazi wa ofisi moja, wanakwaya na hata wanaukoo huchangishana, hukodi basi dogo na kwenda kuangalia wanyama. Kwa wakazi wa Dar es Salaam na Morogoro, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo iliyo karibu na wengi huanzia huko.

Hilo ni jambo jema. Mtoto aliyemwona twiga kwa macho yake hamsahau. Lakini wapo wazazi wanaoandaa kila kitu, kuanzia wali wa kufunga, juisi, kofia na chaji ya simu, wakasahau kuandaa kitu kimoja: adabu ya kule wanakokwenda. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hifadhini mwenyeji ni mnyama, na mara nyingine mgeni akija vibaya, mwenyeji hufa.

Ndizi moja inavyoua

Kosa linaloonekana dogo kuliko yote ni kuwapa wanyama chakula. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria wengi wamewaona nyani waliokaa pembezoni wakisubiri. Hawasubiri basi. Wanasubiri ganda la ndizi, kipande cha mkate au mfupa wa kuku kutoka dirishani.

Mzazi anamwambia mtoto, "Mtupie, uone anavyodaka." Mtoto anacheka, nyani anashiba, basi linaondoka. Kesho nyani yule anarudi palepale na mwanawe mgongoni, na gari linalofuata halipunguzi mwendo. Asipogongwa, anajifunza kwamba binadamu ni chakula. Ataanza kurukia madirisha, kunyang'anya mikoba na kumtishia mtoto aliyeshika biskuti. Nyani dume ana meno marefu kama ya chui, na akishazoea kupora ni vigumu kumrudisha porini. Mara nyingi wanyama wa namna hiyo huishia kuuawa kwa ajili ya usalama wa watu.

Hata watafiti walilijifunza hilo. Kule Gombe, mkoani Kigoma, Jane Goodall alipoanza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, ndizi zilikuja kutumika kuwavuta waje karibu na kambi. Matokeo yake yalikuwa ugomvi, kati ya sokwe wenyewe na kati yao na nyani. Ndizi zikapunguzwa, na hatimaye zikasitishwa kabisa.

Kwa hiyo kanuni ni fupi na mtoto wa miaka minne anaweza kuishika: chakula chetu ni chetu, chao ni chao. Kuleni kwenye maeneo yaliyotengwa, fungeni madirisha nyani wakisogea, na msiache hata punje mezani.

Dereva asihongwe ili asogee

Jambo la pili ni umbali. Kila familia inataka picha nzuri, na simu nyingi hazivuti vitu vya mbali. Hapo ndipo dereva anapoanza kubembelezwa: "Kaka, sogea kidogo tu." Wengine humwongezea na kitu mkononi ili aache njia na kukata nyasini.

Kuacha njia kunakatazwa, na sababu ipo. Gari moja likipita kwenye nyasi huacha alama, la pili hulifuata, na baada ya muda panakuwa na barabara mpya. Nyasi hufa na mvua huanza kuchimba udongo. Tena humo nyasini ndimo wanamofichwa watoto wa swala na wa duma.

Duma ndiye anayeumia zaidi. Tofauti na simba, yeye huwinda zaidi mchana, saa zilezile ambazo magari yapo. Akizungukwa, swala wanashtuka na windo linaharibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa eneo la Masai Mara, nchini Kenya, ulionyesha kuwa majike waliokaa kwenye maeneo yenye watalii wengi walifanikiwa kukuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao, wakati wa maeneo yenye watalii wachache walikuza 2.3. Kwa lugha ya nyumbani, mama mmoja anafikisha watoto wawili utu uzima, na mwingine katika uzao wa tano ndipo anapata mmoja. Hakuna aliyewapiga risasi watoto hao.

Kwa hiyo dereva akisema "hapa ndipo mwisho," mshukuruni. Mkikuta magari mengi yamemzunguka mnyama mmoja, mwambieni apite, mtarudi baadaye. Na mkimwona tembo amepanua masikio, anatikisa kichwa au anapiga udongo kwa mguu, ujue ameshasema. Rudini nyuma polepole bila honi wala kelele.

Sheria ambazo hazina mjadala

Msishuke kwenye gari isipokuwa pale panaporuhusiwa. Simba akilala huonekana kama paka, na nyasi zenye urefu wa goti zinatosha kumficha. Mtoto asitoe kichwa wala mikono dirishani, na anayesimama kwenye paa lililofunguliwa ashikwe na mtu mzima.

Mwendo uwe wa taratibu. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye barabara kuu ya Mikumi vipo vibao vya mwendo, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama huyo. Ukiwa abiria na dereva wa basi anakimbiza hapo, una haki ya kumwambia apunguze.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, hivyo isiwemo kwenye mizigo yenu. Chupa na vifungashio vingine mlivyoingia navyo, tokeni navyo. Kitu kinachonukia chumvi au sukari humezwa na mnyama pamoja na kifungashio chake. Vishungi vya sigara visitupwe kabisa, hasa wakati wa kiangazi. Maua, pembe, mifupa na manyoya yaacheni palepale, hata kama mtoto analia anataka kwenda kuwaonyesha wenzake shuleni.

Na kama mnafikiria kwenda kuona sokwe, mwenye mafua abaki. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu kirahisi. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na ugonjwa wa kupooza, wengine wakafa na wengine wakabaki walemavu.

Somo lianzie nyumbani

Usisubiri kufika getini ndipo uanze kukaripia. Siku moja au mbili kabla, kaeni baada ya chakula cha jioni muwaulize watoto: tukienda kwa watu tusiowajua, tunafanyaje? Watajibu wenyewe: tunabisha hodi, hatupigi kelele, hatugusi vitu vya watu, hatuachi uchafu. Waambie na kule ni hivyohivyo.

Wagawie kazi. Mmoja awe mtunza takataka, mwingine aandike majina ya wanyama, mkubwa wao ashike darubini au simu ya picha. Mtoto mwenye kazi hapigi kelele. Waelezeni pia kwamba huenda msimwone simba. Familia iliyokwenda kwa ajili ya simba tu ndiyo inayomsumbua dereva. Iliyokwenda kutazama itafurahia hata ndege na mbawakavu anayeviringisha kinyesi cha tembo.

Mwisho, mzazi, chunga mkono wako mwenyewe. Unaweza kuwasomea watoto sheria zote njiani, lakini ukitupa ganda moja la ndizi dirishani, hilo ndilo watakalolikumbuka. Wao pia watakuja kuwapeleka watoto wao, na ni vizuri wakute nyani bado wako porini wakijitafutia matunda yao.