Dola milioni mbili kwa vyumba vitatu: soko la nyumba la Cupertino na Sunnyvale

Katika robo ya pili ya 2024, San Jose na miji inayoizunguka, kitovu cha Silicon Valley huko California, ilikuwa eneo la kwanza la mjini nchini Marekani ambako bei ya kati ya nyumba ya familia moja ilivuka dola milioni 2. Hizo ni hesabu za chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba. Nusu ya nyumba zilizouzwa ziligharimu zaidi ya hapo, na wala si makasri.

Nyumba inayogombaniwa Cupertino au Sunnyvale, miji miwili ya eneo hilo, kwa kawaida haina ghorofa. Ilijengwa kwa mbao miaka ya 1950 au 1960, ina vyumba vitatu vya kulala, gereji mbele na ua nyuma. Kwa aliyezoea tofali na zege, mbao huonekana kitu cha muda, lakini katika nchi ya matetemeko ya ardhi mbao hupinda pale ambapo tofali lingepasuka. Mitaa hiyo ilichomoza haraka juu ya mashamba ya plamu, aprikoti na cheri, kampuni ya Lockheed ilipofungua kiwanda chake cha makombora Sunnyvale mwaka 1956 na viwanda vya elektroniki vikaongezeka. Leo thamani imo katika kiwanja, na hasa katika mpaka wa shule. Sehemu za Sunnyvale zimo ndani ya wilaya ya shule za msingi ya Cupertino, inayosifika kwa matokeo ya mitihani. Nyumba mbili zinazofanana, moja ndani ya mpaka na nyingine nje, haziuzwi bei moja.

Ununuzi wenyewe huenda kwa kasi inayomchosha mgeni. Muuzaji hutangaza bei ya chini kidogo ili kuvuta watu, hufungua nyumba itazamwe mwishoni mwa wiki, kisha huweka siku ya mwisho ya kupokea maombi. Ripoti za wakaguzi wa paa, msingi na mchwa huwa tayari, zimelipiwa na muuzaji. Ili kushinda, wanunuzi huacha masharti yanayowalinda: haki ya kujitoa ukaguzi ukifichua kasoro, mthamini akitaja bei ndogo, au benki ikikataa mkopo. Mara nyingi amana huwa asilimia 3 ya bei. Aliyeacha masharti hayo kwenye nyumba ya milioni 2, kisha akashindwa kumaliza, anaweza kupoteza dola 60,000. Naona hii ni hatari kubwa mno kwa familia inayonunua mara ya kwanza, na dalali anayemshauri mteja aache masharti yote bila kumsomea ripoti hizo hajamtendea haki.

Mshahara peke yake haumfikishi mtu hapo. Kampuni kama Apple, Google na Nvidia huwalipa wahandisi sehemu kubwa ya ujira kwa hisa, zinazotolewa kidogo kidogo, aghalabu kwa miaka minne. Hisa zikiuzwa ndipo malipo ya awali hupatikana, na ndiyo maana madalali wa huko hutazama soko la hisa kama mkulima anavyotazama mawingu. Bei za hisa zilipoanguka 2022, foleni ya wanunuzi ilipungua. Novemba mwaka huo kampuni ya Meta ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Mhandisi wa kigeni mwenye viza ya kazi ya H-1B akiachishwa kazi hupewa hadi siku 60 apate mwajiri mwingine au njia nyingine ya kubaki kisheria, huku mkopo wa miaka 30 ukiendelea kudai.

Riba nayo imegawa wakazi makundi mawili. Mwanzoni mwa 2021 mkopo wa miaka 30 ulipatikana kwa chini ya asilimia 3. Oktoba 2023 ulikaribia 8. Aliyekopa milioni 1.6 kwa asilimia 3 hulipa benki kiasi cha dola 6,750 kwa mwezi. Kwa asilimia 7, deni hilohilo ni takriban dola 10,650. Aliyepata ile riba ya kwanza hauzi ng'o, hata kama watoto wamekwisha kuhama, kwa hiyo nyumba zinazofika sokoni ni chache na bei haishuki kama mtu angetarajia.

Lakini kama ningeulizwa chanzo cha bei hizi kilichozama zaidi, ningetaja kura ya 1978. Kwa kura hiyo, iitwayo Proposition 13, wananchi wa California waliweka kikomo cha kodi ya majengo: asilimia 1 ya thamani iliyoandikishwa, na thamani hiyo isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Tuchukue mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa dola 150,000 miaka 40 iliyopita. Hata ikipanda kwa kiwango cha juu kila mwaka, leo imeandikishwa kwa takriban dola 331,000, na mwenyewe hulipa kodi ya msingi kama dola 3,300. Jirani aliyehamia juzi kwa milioni 2 hulipa 20,000, kabla ya tozo za mitaa. Barabara ni ileile na zimamoto ni ileile. Sheria ililenga kuwakinga wazee wasifukuzwe na kodi, na imewakinga kweli. Ila imemtwika mgeni mzigo, tena imewafunza viongozi wa miji kupenda ofisi na maduka kuliko nyumba, kwa sababu maduka huleta kodi ya mauzo bila kuleta watoto wa kusomesha.

Matokeo yake yanaonekana Cupertino, mji wa watu wapatao 60,000 ulioruhusu Apple Park, makao yaliyofunguliwa 2017 yenye nafasi ya wafanyakazi 12,000, bila kujenga nyumba zinazokaribia idadi hiyo. Wasio na milioni mbili huamka alfajiri katika miji ya mbali kama Tracy au Stockton na kuvuka milima kwa gari au treni ya ACE. Mountain View, palipo na makao ya Google, wapo waliohamia kwenye magari ya kulala yaliyoegeshwa kando ya barabara.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mwaka 2021 bodi ya shule za Cupertino ilipiga kura kufunga baadhi ya shule kwa kukosa wanafunzi. Familia changa zimeshindwa kuingia katika mji ambako watu hununua nyumba kwa ajili ya shule zake.

Jimbo limeanza kuilazimisha miji itenge nafasi ya nyumba. Cupertino imetakiwa kupanga nafasi ya nyumba 4,588 kati ya 2023 na 2031, na Sunnyvale 11,966. Sheria ya SB 9 ya 2021 inaruhusu kiwanja cha familia moja kigawanywe. Kupanga, hata hivyo, si kujenga: Vallco, eneo la maduka lililobomolewa Cupertino, lilipata kibali cha nyumba zaidi ya 2,000 mwaka 2018, kisha yakafuata mashtaka na miaka mingi ya kiwanja kitupu. Nina imani zaidi na vijumba vya uani, ambavyo sheria za jimbo zimevirahisishia vibali. Mwaka 2024 San Jose ilikuwa mji wa kwanza California kuruhusu kijumba cha aina hiyo kiuzwe peke yake, ili mwalimu au muuguzi aweze kukinunua bila kubeba bei ya nyumba kubwa iliyo mbele.