Kibanda cha Kulala Juu ya Pikapu: Anza na Mizani

Mafundi wa Arusha na Moshi wanaojenga magari ya watalii wanalijua vizuri paa la kunyanyuka. Wanachukua Land Cruiser, wanakata bodi, wanarefusha chesesi, kisha wanapachika paa linalopanda juu ya nguzo fupi ili mgeni asimame atazame tembo. Kwa hiyo mtu akiwapelekea pikapu yake na kutaka ajengewe kibanda cha kulala nyuma, chenye paa linalopanda jioni na kushuka asubuhi, fundi haoni jambo geni. Anachukua futi, anapima bodi, anaanza kukata vyuma. Kosa huanzia hapo, maana gari la watalii na pikapu ya kulala vinafanana paa tu. La kwanza hubeba watu na chupa za maji, jioni likarudi lodji. La pili hubeba kitanda, jiko, friji, maji na betri, tena hubeba usiku na mchana, kwenye lami na kwenye mawe.

Paa la kushuka lina sababu zake. Kibanda kirefu hukamata upepo kwenye barabara kuu ya Same hadi Moshi. Ukiacha lami ukapandisha mlima Kilimanjaro kwa Uru, Kibosho au Old Moshi, unakutana na matawi ya miparachichi, migomba iliyoinamia njia na nyaya za umeme zinazoingia majumbani. Tairi mbili zikitumbukia kwenye mtaro, kila kilo iliyo juu inasaidia kulipindua gari. Marekani, kampuni ya Four Wheel Campers, iliyoanza mwaka 1972, imejenga jina lake kwa vibanda vya namna hii: vyepesi, vifupi safarini, virefu vinapoegeshwa. Lakini paa likishuka linapunguza urefu peke yake. Uzito unabaki palepale, na uzito ndio unaovunja magari.

Fungua kadi ya gari utazame uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo akiba yako yote, na abiria wamo ndani yake. Tuchukue pikapu ya dabo kebini inayoruhusiwa kubeba kilo 900. Kibanda chepesi cha alumini, kikiwa kitupu, kilo 350. Watu wazima wawili, 150. Maji lita 60 ni kilo 60. Madumu mawili ya dizeli, lita 40, kilo 34. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100, kilo 30. Friji ya lita 40 na chakula chake, 40. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, ukipima na chuma chake, 13 hivi. Bampa la chuma na winchi, 90. Tairi la pili la akiba, 35. Matandiko, nguo, jeki, spana na sufuria, 70. Jumla ni kilo 872. Zimebaki 28, na mkungu mmoja mzuri wa ndizi kutoka soko la Marangu unazimaliza.

Hesabu hiyo ni ya kibanda cha alumini. Fundi akitumia chuma, mambo yanaharibika mapema. Bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa milimita 2 lina zaidi ya kilo mbili kwa kila mita, na fremu ya kibanda hula mita 40 bila shida. Alumini ya ujazo uleule ina theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Makabati nayo yana hila yake. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi 4 kwa 8, ina kilo 30 hivi. Ya milimita 9 ina nusu yake na inatosha kabisa kwa kabati la gari. MDF, ambayo maseremala wengi wa mjini wanaipenda kwa sababu inakatika vizuri, ni nzito kupita plaiwudi, na ikinyeshewa mara moja inavimba. Iache kwa makabati ya nyumbani.

Baada ya kilo zenyewe, linakuja swali la zimewekwa wapi. Kwenye dabo kebini sehemu kubwa ya bodi ya mizigo iko nyuma ya ekseli. Nafasi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3 hivi. Ukining'iniza kilo 100, tuseme tairi la akiba na madumu, mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi 100 bali 133, na magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 33. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapungukiwa na mshiko, taa zinamulika juu ya miti. Mwenye gari akiona sehemu ya nyuma imelala, humwomba fundi aongeze springi au aweke mipira ya upepo kati ya chesesi na ekseli. Gari linanyooka na yeye anadhani limepona. Kumbe mipira ile inasukuma chesesi juu katikati, huku mzigo unaining'iniza chini mwishoni. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo ya mfululizo, chuma kinajipinda na kujinyoosha maelfu ya mara kwa saa, hadi chesesi inapinda nyuma kidogo ya kebini. Ukiona mwanya kati ya kebini na bodi umekuwa mpana juu kuliko chini, kazi imeshaharibika.

Kwa hiyo tangi la maji na betri vikae chini, vikigusana na ukuta wa mbele wa bodi, mbele ya ekseli. Friji ifuate. Nyuma kabisa viwekwe vitu vyepesi: magodoro, nguo, viti vya kukunja. Kwa wasafiri wawili mimi ningechagua pikapu ya kebini moja, hasa Land Cruiser, kwa sababu bodi yake ndefu inaanza mbele zaidi na kibanda kinakaa vizuri kati ya ekseli. Dabo kebini iwe ya familia inayokubali kibanda kifupi, au hema la kufunga juu ya keria.

Kibanda kifungwe kwa boliti, kikae juu ya mpira mnene, na chini ya kila nati pawe na kipande cha chuma kipana ili boliti isipasue bati. Kukichomelea moja kwa moja kwenye chesesi nakataza kabisa. Joto la kuchomelea linadhoofisha chuma pale pale kinapofanya kazi kubwa, na kibanda kisichoweza kushushwa kinakuzuia kubeba saruji Jumatatu. Yapo pia ya sheria: bodi ikibadilishwa moja kwa moja, taarifa za kwenye kadi hazilingani tena na gari. Jambo hilo limalizwe Mamlaka ya Mapato (TRA) na kwa kampuni ya bima kabla ya safari, si kwa kubishana na trafiki njiani.

Sasa paa. Kwenye gari la watalii linashikwa na nguzo na pini, na pembeni pako wazi. Kibanda cha kulala kinahitaji kuta za kitambaa na mikono ya kunyanyulia, kwa kawaida ile yenye gesi ndani. Gesi hiyo inalegea kwenye baridi. Kutoka joto la nyuzi 30 mchana wa Moshi hadi nyuzi 10 usiku wa juu mlimani, nguvu yake inapungua kwa asilimia 6 au 7. Paa lililokuwa linapanda kwa kidole gereji, sasa lina paneli ya sola, limelowa, na mikono imelegea. Jaribu paa likiwa na mzigo wake wote, asubuhi na mapema, kabla hujamlipa fundi.

Kitambaa cha kuta kisiwe turubai la lori. Linazuia mvua, ndiyo, lakini linazuia na pumzi. Watu wawili waliolala wanatoa mvuke usiku kucha. Mvuke huo ukigonga plastiki baridi na fremu ya alumini, unageuka maji na kudondokea godoro. Chagua kanvasi iliyochanganywa pamba, yenye madirisha ya nyavu pande zinazotazamana, na yabaki wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Upande wa kusini wa mlima, wakati wa masika ya Machi hadi Mei, utalazimika kukunja kanvasi ikiwa mbichi. Ikunje, lakini ifungue siku hiyohiyo ikauke. Kuvu ikishaingia kwenye nyuzi haitoki.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani, hata dakika kumi, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyo na moshi. Baridi ya Marangu inashawishi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Gesi ya kupikia ni salama zaidi, ila nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatuama sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu chini kabisa linalotoka nje, na lisifunguke upande wa kitanda.

Umeme ni rahisi kwetu kuliko nchi nyingi. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, na paneli iliyolala juu ya paa inafanya kazi vizuri bila kuinuliwa. Friji ndogo ya betri inakula kama wati-saa 500 kwa siku. Paneli ya wati 160, kwa saa tano za jua zuri na upotevu wa kawaida, inakupa 560. Inatosha, mradi uwe kwenye tambarare. Ukipanda Machame mwezi wa Juni au Julai, mlima unavaa mawingu, na ukiegesha chini ya migrevilea paneli inageuka pambo. Ndiyo maana betri ya kibanda ichajiwe pia na injini, kwa kifaa chake maalumu na waya mnene, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri ya gari. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 uihesabu kama 50, ukitaka idumu. Ya lithiamu inatoa karibu zote na ina uzito chini ya nusu. Fedha nyingi ikibidi zitumike mahali pamoja, ningezitumia hapo.

Kupanda mlima kwenyewe hakunitii hofu. Injini yenye turbo itapanda, hata kama ni polepole. Hofu yangu ni kushuka. Kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,870, hadi Moshi mjini unashuka mita elfu moja hivi. Gari la tani 3 likishuka kiasi hicho linaachia nguvu ya kutosha kuchemsha lita 90 za maji ya baridi. Sehemu inaliwa na upepo na tairi. Iliyobaki inakwenda kwenye injini au kwenye breki. Dereva anayeachia gia ili kuokoa mafuta ameikabidhi yote kwa breki, na breki zikipata moto pedali inashuka bila kushika. Shuka kwa gia nzito tangu mwanzo wa mteremko, siyo baada ya kunusa harufu.

Kibanda kikikamilika, kijazwe maji, mafuta, watu na mizigo, kisha gari lipelekwe mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inayahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Pikapu nyingi ziko chini ya hapo, kwa hiyo hakuna atakayekusimamisha. Itabidi uombe mwenyewe, hata kwenye mizani ya ghala la mazao. Pima magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, halafu gari zima, ulinganishe na uwezo wa kila ekseli. Upepo wa tairi uufuate uzito huo: za nyuma zinahitaji zaidi, na kwenye vumbi zipunguzwe zote kidogo, zirudishwe ukifika lami.

Safari ya kwanza iwe fupi. Kuuzunguka mlima kunafaa sana: Himo, Marangu Mtoni, Mkuu, Tarakea, kisha Kamwanga na kuteremka Sanya Juu hadi Boma Ng'ombe. Ndani ya njia hiyo moja una lami, udongo mwekundu unaoteleza ikinyesha, vumbi la volkano na baridi. Usidhani unaweza kuegesha popote penye miti: msitu wa asili wa mlima uliingizwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na chini yake ni vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya watu. Omba mwenye kihamba, au lala kwenye kambi zinazopokea magari, kama zile za Ziwa Chala au Mkomazi ukiingilia lango la Zange. Baada ya kilomita mia za kwanza simama, lala chini ya gari na spana, ukaze boliti zote za kibanda. Kwa kawaida zinakuwa zimelegea, kwa sababu mpira wa chini umeshabonyea. Zikaze tena baada ya mia nyingine, na uweke alama ya rangi kwenye kila nati ili siku nyingine uione kwa macho ile iliyozunguka.